Podikasti za mashabiki wa Doctor Who si matanga

Tarehe 28 Oktoba 2025, BBC ilitangaza kwamba Disney haitaendelea nayo katika ushirikiano wa kutengeneza Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza. Iliahidi kipindi kimoja cha Krismasi ya 2026, kitakachoandikwa na Russell T Davies, na mengine yakaachwa yaje kwa wakati wake. Tangu hapo kuna kauli inayozungushwa: tamthilia hii imekwisha, na hizo podikasti za mashabiki zinazoendelea kutoka kila wiki ni watu waliokaa matanga wakati maiti imeshazikwa. Watu wanauliza, kuna nini tena cha kuzungumza, saa nzima, juu ya kipindi kilichorushwa mwaka 1966?

Anayesema hivyo hajui tamthilia hii imefikaje hapa ilipo. Doctor Who haijawahi kutunzwa na wenye nayo peke yao. Kwa miongo mingi mzigo huo umebebwa na watazamaji walioishika kwa makini kuliko shirika lililoitengeneza, na podikasti ya leo ni kazi ileile iliyoanza miaka ya 1960 kwa mikrofoni iliyosimamishwa mbele ya spika ya televisheni. Ukiichukulia kama soga za pembeni, hutaelewa kwa nini kipindi cha zamani bado kipo cha kuzungumziwa.

Kwa asiyeijua: kipindi cha kwanza kilirushwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, na kwa kuwa akili za watu zilikuwa kwingine kilirudiwa wiki iliyofuata. Mtayarishaji, Verity Lambert, alikuwa na miaka 27. Mwongozaji, Waris Hussein, alikuwa kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Lucknow, India. Mhusika mkuu ni msafiri anayejulikana kwa jina la Daktari tu, anayekwenda mahali popote na zama zozote ndani ya kibanda cha buluu cha polisi ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje. Afya ya William Hartnell, Daktari wa kwanza, ilipodhoofika mwaka 1966, watengenezaji walibuni njia ya kumbadilisha: Daktari hafi, hugeuka akawa mtu mwingine. Ubunifu huo wa dharura ndio ulioifikisha tamthilia mpaka kwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda ambaye familia yake ilikimbilia Scotland wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, na aliyeiacha nafasi ya Daktari katika kipindi cha tarehe 31 Mei 2025.

Sasa tuje kwenye jeraha. Miaka sita ya kwanza ilikuwa na vipindi 253, vyote vya rangi nyeusi na nyeupe. Kati ya mwaka 1967 na 1978 BBC ilifuta kanda zake na kuteketeza nakala nyingi za filamu zilizokuwa zikiuzwa nje. Haikuwa chuki. Kanda ya video ya wakati ule ilikuwa pana, nzito na ghali, na ikifutwa iliweza kurekodiwa kitu kingine. Mikataba na vyama vya waigizaji iliwekea mipaka marudio, na televisheni ya rangi ilipoingia, nani angenunua picha za kijivu? Kila hatua ukiitazama peke yake ilikuwa na hesabu zake za kueleweka, na matokeo yake ni kwamba hata baada ya ugunduzi mkubwa wa mwaka 2013 vipindi 97 vilikuwa bado havipo. Zaidi ya theluthi.

Nasema havipo, lakini kila kimoja kati ya hivyo 97 unaweza kukisikiliza leo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Sababu ni watoto na vijana. Katika nyumba kadhaa za Uingereza, Jumamosi jioni, mtoto alikuwa akivuta rekoda ya gurudumu mbili mpaka mbele ya televisheni, anaiweka mikrofoni karibu na spika, anawasihi wa nyumbani wasiongee wala kukohoa kwa dakika ishirini na tano. Kijana mmoja alikwenda mbali zaidi: alijifunza kuunganisha waya wa rekoda moja kwa moja kwenye mitambo ya sauti ndani ya televisheni, akapata sauti safi isiyo na mwangwi wa chumba. Hakuna aliyewatuma. Walitaka tu kuusikia tena mchezo ambao, kwa wakati ule, ukishapita umepita. Miongo kadhaa baadaye BBC yenyewe ilichukua kanda hizo, ikazisafisha, ikaweka msimulizi wa kueleza yasiyoonekana, ikaziuza. Kisha ikazitumia kuwa msingi wa katuni zinazojaza picha zilizopotea: vipindi viwili vya The Invasion mwaka 2006, na The Power of the Daleks nzima mwaka 2016. Shirika lilikuwa na haki zote za kisheria juu ya kazi hiyo, lakini sauti ilikuwa mikononi mwa mashabiki.

Chukua kisa cha Marco Polo cha mwaka 1964. Vipindi saba, na hakuna hata kimoja chenye picha. Ukikisikiliza gizani unasikia mchanga, farasi, vyombo vya muziki, na sauti ya Marco akisoma daftari lake la safari, na kichwa chako mwenyewe kinalazimika kujenga jangwa. Au chukua kipindi cha nne cha The Tenth Planet, kilichorushwa tarehe 29 Oktoba 1966, ambamo Hartnell anaanguka sakafuni na kugeuka Patrick Troughton, Daktari wa pili. Ndiyo dakika muhimu kuliko zote katika tamthilia hii. Kipindi chenyewe kilipotea. Sekunde za ule mgeuko tunazo kwa sababu Blue Peter, kipindi cha watoto, kilizionyesha mwaka 1973.

Afrika nayo imo ndani ya simulizi hili, tena si kwa kulazimisha. Kenya, Uganda, Zambia, Ethiopia, Sierra Leone na Nigeria ni miongoni mwa nchi zilizonunua tamthilia hii kwa ajili ya vituo vyao. Nakala za filamu ya milimita 16 zilikuwa zikipitishwa mkono kwa mkono: kituo kimoja kikimaliza kuonyesha, kinapeleka kwa kinachofuata, au kinarudisha London, au kinaziharibu na kuthibitisha kwamba zimeharibiwa. Utaratibu huo ulifuta mengi, lakini uliacha mianya. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, amekuta katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria, filamu za visa viwili vya Troughton: The Enemy of the World na The Web of Fear. Vipindi tisa vilivyokuwa vimehesabiwa kuwa havipo tena duniani vilikuwa vimekaa huko, kwenye vumbi, miaka yote hiyo.

Ugunduzi wa Jos ndio unaoonyesha vizuri kazi ya mazungumzo ya mashabiki. Kabla yake, The Enemy of the World ilikuwa na picha za kipindi kimoja tu, cha tatu, ambacho ni kipole kuliko vyote, na kisa kizima kikahukumiwa kwa hicho kimoja. Kiliitwa cha kuchosha. Picha zilipopatikana watu waliona Troughton akicheza nafasi mbili, Daktari na dikteta Salamander, waliona mwendo na ujasiri wa mwongozaji, na hukumu ya miaka arobaini ikapinduka. Ilipinduliwa na watu waliokaa kwenye maikrofoni wakipitia kipindi baada ya kipindi, wakisema waziwazi, "Tulikosea, na hapa ndipo tulipokosea." Kinyume chake kilikwisha kutokea kwa The Tomb of the Cybermen, iliyopatikana Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1990: iliyosifiwa kama johari isiyoonekana, ikaonekana, na baadhi ya waliokuwa wakiisifu wakapunguza sifa. Sanaa inahitaji mahali pa kufanyia mapitio ya namna hiyo. Magazeti hayana nafasi ya kisa cha mwaka 1967, na vyuo vikuu huenda polepole.

Upande wa pili una hoja, na nitaanza na ile dhaifu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayosikika zaidi: kwamba hawa ni watu wazima wanaopoteza muda kwa kipindi cha watoto. Anayesema hivyo aangalie miaka kati ya 1989 na 2005. Tarehe 6 Desemba 1989 ilirushwa sehemu ya mwisho ya kisa cha mwisho, na ukiacha filamu moja ya mwaka 1996, hakukuwa na kitu kipya kwenye televisheni kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Waliobaki ni "wapoteza muda". Tayari katika miaka ya 1980 kulikuwa na kundi lililokuwa likitengeneza michezo yake ya sauti ya Doctor Who kwenye kaseti, bila ruhusa na bila malipo. Mmoja wao, Nicholas Briggs, alikuja kuwa mmoja wa watu muhimu wa kampuni ya Big Finish, ambayo ilipewa leseni na kuanza kutoa michezo rasmi ya sauti mwaka 1999. Mchezo mmoja wa Big Finish, ulioandikwa na Robert Shearman, ndio uliozaa kipindi cha Dalek cha mwaka 2005, na sauti ya Dalek, yule adui wa Daktari, ndani yake ni ya Briggs huyohuyo. Riwaya ya shabiki wa zama hizo, Human Nature ya Paul Cornell ya mwaka 1995, iliyotoka katika mfululizo wa riwaya zenye leseni, iligeuzwa kuwa vipindi viwili vya televisheni mwaka 2007. Russell T Davies aliyeifufua tamthilia alikuwa ameandika riwaya katika mfululizo huohuo. Peter Capaldi, Daktari wa kumi na mbili, aliwahi kuandika barua ya sifa kwa gazeti la Radio Times akiwa kijana wa shule, mwaka 1974. Kaseti za chumbani zilikuwa shule. Hoja ya kupoteza muda haina mguu wa kusimamia.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kuhifadhi ni kazi ya taasisi, na shabiki mwenye mapenzi hawezi kuchukua nafasi ya mtaalamu wa nyaraka. Hili nalikubali nusu. Mwaka 1978 BBC ilipoanza kuchukulia maktaba yake kwa uzito, Sue Malden, aliyepewa kazi ya kuchagua kanda za kuhifadhiwa, aliitumia Doctor Who kama mfano wa kuchunguza kilichobaki na kilichopotea. Bila ghala lenye ubaridi unaodhibitiwa, bila wahandisi wa sauti wa kusafisha mikwaruzo, kanda za wale vijana zingeoza chini ya vitanda. Lakini taasisi huhifadhi kile ambacho imeshaamua kuwa kina thamani, na uamuzi huo hufanywa kwa bajeti ya mwaka huo. Shabiki huhifadhi bila kujua kama kitakuja kuwa na thamani kwa mtu mwingine. Ni makosa ya aina mbili tofauti, na usalama wa kazi umo katika kuwepo kwa wote wawili.

Ndiyo maana podikasti ninazoziheshimu zaidi ni zile zinazokusanya ushahidi. Radio Free Skaro ya Canada imekuwa hewani tangu mwaka 2006, na mtu atakayetaka kujua watazamaji walipokeaje kila msimu tangu zama za David Tennant, Daktari wa kumi, anaweza kuufuata wiki kwa wiki, kwa sauti za watu ambao siku hiyo hawakujua kitakachofuata. Verity!, iliyopewa jina la Verity Lambert, ni meza ya wanawake walioko nchi mbalimbali, na ilivunja dhana kwamba ushabiki huu ni wa wanaume. Mwigizaji na shabiki Toby Hadoke alianza mwaka 2013 mradi wa Who's Round, wa kutafuta, kwa kila kisa, mtu aliyeshiriki na kumhoji: si nyota pekee, hata mwigizaji aliyekuwa na mistari miwili, hata fundi. Baadhi ya waliohojiwa wamekwisha kufariki. Wengi wao hakuna gazeti lililowahi kuwauliza chochote.

Kazi yenyewe si nyepesi kama inavyosikika. Wazungumzaji wanne wako nchi nne, kila mmoja anarekodi upande wake. Kabla ya kuanza wanahesabu mpaka tatu na wote wanapiga kofi moja. Kofi hilo huonekana kwenye skrini ya mhariri kama mwiba mmoja mrefu, na kwa kuipanga miiba hiyo mstari mmoja sauti zote hukaa meza moja. Halafu zinafuata saa za kukata kikohozi, mbwa wa jirani, na jina la mwongozaji lililotajwa vibaya. Kikiwa kipindi kilichopotea, kila mmoja amekwisha kusikiliza sauti huku akifuata picha za John Cura, mpiga picha aliyekuwa akipiga skrini ya televisheni kipindi kinaporushwa na kuwauzia waliokitengeneza. Sauti iliyorekodiwa na mtoto nyumbani kwao, picha za mfanyabiashara mmoja, maelezo ya mhojiwa wa miaka themanini: vipande hivyo vitatu vikiwekwa pamoja kwenye mazungumzo ya saa moja, kipindi kinarudi kwa kiasi ambacho hakuna kipande kimoja kingeweza kukirudisha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na sina jibu la kuimaliza. Mashabiki wanaweza kuinyonga kazi wanayoipenda. Mnamo Januari 1985 ilirushwa Attack of the Cybermen, kisa kilichojengwa juu ya visa vya mwaka 1966 na 1967, kimojawapo kikiwa wakati huo hakipo popote. Mtazamaji wa kawaida, mtoto wa miaka tisa aliyekaa na chai yake, hakuwa na njia ya kuelewa kilichokuwa kikitajwa. Tamthilia ilikuwa imeanza kuzungumza na wanaokumbuka tu, na ndani ya miaka michache watazamaji waliipungukia. Leo hatari hiyo imeongezeka, kwa sababu podikasti inamfikia mwandishi siku ileile. Nimewahi kuacha kusikiliza zaidi ya moja kwa sababu kila wiki ilikuwa ni kesi dhidi ya mwandishi, hukumu ikiwa imeandikwa kabla kipindi hakijarushwa. Wanaosema ushabiki huzaa umiliki wa kujipachika wanasema kweli. Ninachoweza kujibu ni kwamba tofauti hujulikana kwa kusikiliza dakika kumi: mtunzaji anauliza kitu kilitengenezwaje, na anayejimilikisha anauliza kwa nini hakikutengenezwa alivyotaka yeye. Wote wawili wana maikrofoni, na mara nyingine wote wawili wamo ndani ya mtu mmoja.

Kuna jambo ambalo mashabiki wenyewe hawalisemi vya kutosha, nami nalisema kwa wasiwasi. Podikasti hufutika kirahisi kuliko kanda. Mwendeshaji akichoka, akiugua au akifariki, ada ya mwezi ya kuhifadhi sauti haitalipwa, kiungo kitakufa, na mahojiano na fundi wa mwaka 1965 yatatoweka bila hata kuwa na filamu iliyosahaulika Jos. Hili ndilo kosa la BBC likirudiwa na waathirika wake, na kwa sababu zilezile za kueleweka: nafasi ni ghali, na nani atataka kusikiliza toleo la mwaka 2009? Anayetengeneza podikasti ya namna hii aweke nakala sehemu tatu, aandike tarehe na majina, amkabidhi mwenzake nywila. Na BBC, ambayo imekwisha kufaidika na rekoda za watoto, ina deni la kuwafungulia watu hawa milango ya maktaba yake sasa, katika kipindi hiki cha ukimya, badala ya kusubiri wazeeke.

Kwetu sisi jambo hili haliko mbali. Anayetoka Kenya alikua na Vitimbi na Vioja Mahakamani, anayetoka Tanzania alikua na Pwagu na Pwaguzi ya redio, na waigizaji na mafundi wa kazi hizo wanazidi kupungua. Simu ya mkononi inatosha kuwahoji. Nyumbani kwetu kulikuwa na kaseti ambayo mjomba alirekodi mchezo wa redio, na baadaye, kwa kuwa kaseti ilikuwa na bei na mchezo ulikuwa umeshasikilizwa, akarekodi taarab juu yake. Lakini taarab ilikwisha kabla ya kanda. Mwishoni mwa upande wa pili kuna mkwaruzo, jogoo anawika uani, halafu mchezo wa zamani unarudi katikati ya sentensi, dakika mbili tu, mzee mmoja akimgombeza mkwewe. Mwezi uliopita niliipeleka kwa shangazi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akamtambua yule mzee kwa kikohozi chake kabla hata hajatamka neno, akaanza kutusimulia mchezo mzima tangu mwanzo. Binamu yangu alikwisha kutoa simu, ameiweka mezani karibu na bakuli la tende, na anatuonyesha kwa kidole tunyamaze.